Gitaa la Kabeya kwenye Njia ya Nne

Mmeniomba niwaandikie kitu juu ya kazi yangu, ninyi wapiga gitaa wa kwaya za hapa Kolwezi, na nimekubali haraka, maana kuandika ndiyo njia pekee ya kuwasemesha mkiwa mmenyamaza. Uso kwa uso haiwezekani. Nikifungua mdomo tu, mmoja wenu tayari anatekenya nyuzi, anatafuta akordi aliyoiona asubuhi kwenye simu.

Mimi ni Banza. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa mpiga gitaa wa kukodiwa, yaani yule mtu ambaye picha yake haiko kwenye kasete. Anaitwa, anasikiliza wimbo mara mbili, anapiga, anafunga gitaa lake, anarudi nyumbani. Mwezi mmoja baadaye mke wake anasuka nywele mahali, redio inaimba, anawaambia wenzake kwamba gitaa hilo ni la mume wake, nao wanamcheka.

Binti yangu ni mwalimu. Amenisahihishia Kiswahili hiki ili kisomeke hata mbali na hapa. Maneno yangu nimemruhusu ayanyooshe. Maneno ya watu wengine nimemkataza kuyagusa, kwa sababu mtu aliyesema "mutoto" alisema "mutoto", na aliyesema "fasi" kwa "mahali" au "njo" kwa "ndiyo" alisema hivyo.

Nianze na hii neo-soul yenu, muziki wa taratibu kutoka Marekani. Mnaitamka kama vile imeshuka jana. Kuchelewa kidogo nyuma ya ngoma, kugusa akordi halafu kuiacha iteleze, kumwachia mwimbaji nafasi: sisi tulikuwa tunafanya hayo kanisani, na mkuu wa kwaya alikuwa anatukaripia kwamba tumelala. Siku moja, nikiwa tayari na mvi, kijana mmoja wa studio ya Lubumbashi aliniita nipige kwa dada mmoja aliyekuwa anaimba injili kwa namna hiyo. Nikapiga kwa kuchelewa, vile dada alivyotaka. Nilipotoka kunywa maji, yule kijana akazivuta noti zangu zote kwenye kompyuta yake, moja moja, akazipanga zikae sawasawa na ngoma. Dada akaja kusikiliza. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Nani ameua wimbo wangu?" Kijana akasema, akiniita tata, yaani baba, "Mi nilitengeneza tu. Tata alikuwa anachelewa." Dada akamwambia, "Tata alikuwa ananingojea."

Mtu wa kukodiwa hasemi. Lakini nililala vizuri wiki nzima.

Kungojea huko nilifundishwa, sikuzaliwa nako. Aliyenifundisha ni Tata Kabeya, fundi umeme wa mgodini. Baba yake aliletwa kutoka Kasai zamani kufanya kazi ya shaba, lakini Kabeya mwenyewe alizaliwa Kolwezi, akasoma Kolwezi, akaoa Kolwezi. Alikuwa gitaa la kwanza la kwaya yetu. Mke wake, Mama Mbuyi, ndiye aliyekuwa sauti ya kuongoza. Mimi, ambaye wazazi wangu walitoka kaskazini ya Katanga, nilikuwa gitaa la pili, na nilikuwa na haraka sana ya kuwa la kwanza.

Siku yangu ya kwanza ya kurekodi, Mama Mbuyi alianza ubeti, nami nikaanza wangu. Nilipanda juu, nikashuka, nikazunguka, nikarudi. Nilikuwa nimefanya mazoezi mwezi mzima na sikutaka yapotee. Kabeya akainua mkono, mashine ikasimamishwa.

"Banza," akasema, "huyu mama anaimba juu ya Mungu. Weye unaimba juu ya nani?"

Kwaya yote ikacheka. Kabeya akatoa koleo yake ya umeme mfukoni, akalichukua gitaa langu na kukata nyuzi nne, taratibu, kama mtu anayekata waya wa taa. Akanirudishia na mbili.

"Zingine utazipata siku ile huyu mama atasahau kama uko hapa."

Nilikaa miezi mitatu na nyuzi mbili. Nawashauri mjaribu. Ukiwa na nyuzi mbili huwezi kujificha. Unaanza kusikia mwimbaji anavuta pumzi wapi, na unajua usimjibu kabla pumzi hiyo haijaisha. Siku moja Mama Mbuyi alimaliza wimbo, akageuka, akashtuka kuniona nimesimama nyuma yake. Kesho yake Kabeya alikuja na nyuzi nne ndani ya bahasha.

Alikuwa na akili za ajabu, yule mzee. Alituonyesha kwamba kinanda kikiharibika unaweza kulinganisha gitaa na umeme. Washa amplifaya bila kupiga kitu, usikilize ule mngurumo wake. Unakaa karibu na noti ya sol, juu kidogo tu. Ninyi mna kishikizo chenye taa ya kijani kinachowaambia uzi uko sawa, na betri yake ikiisha mnaahirisha ibada.

Halafu miaka mibaya ikaja. Mgodi ulianza kufa, sehemu moja baada ya nyingine, na mji wote ulikuwa umeshikamana na mgodi kama shati na mwili. Duka la kampuni likabaki na rafu tupu. Magari ya wafanyakazi yakasimama, nyasi zikaota katikati ya matairi. Nyuzi za gitaa hazikupatikana tena popote. Tulichemsha zile za zamani kwenye sufuria, zinatoa uchafu na kuanza kulia upya kwa siku chache. Uzi ukikatika tuliufunga fundo, na ule mnene tuliutengeneza kwa waya wa breki ya baiskeli. Ukiwa na uzi wa breki unajifunza kutokuvuta noti bila sababu, maana kidole kinatoka damu.

Katika shida hiyo ndiyo tuliamua kurekodi kasete. Tulikuwa na chumba nyuma ya kanisa, magodoro ukutani, na mashine moja ya kurekodi ya njia nne. Niwaeleze mashine hiyo, kwa sababu bila kuielewa hamtaelewa yanayofuata. Kila kitu kilikuwa na njia yake kwenye tepu. Sauti zilikaa njia ya kwanza na ya pili, besi na ngoma njia ya tatu, gitaa njia ya nne. Ukirekodi tena kwenye njia ya nne, kilichokuwemo kinafutika. Hakuna nakala. Hakuna kurudi nyuma kama kwenye simu zenu.

Tulirekodi nyimbo sita. Gitaa lilikuwa la Kabeya kwenye zote. Mimi nilishika besi.

Tulikuwa hatujamaliza wakati maneno yalipoanza. Redioni, sokoni, kwenye mikutano, watu wakasema kwamba shida yetu imeletwa na Wakasai, kwamba wamechukua kazi na nyumba, kwamba warudi kwao. Majirani waliokuwa wamezikana na kuozeshana walianza kuitana wadudu. Kisha yakawa siyo maneno tena. Makundi ya vijana yalipita nyumba kwa nyumba. Mtu aliyemficha Mkasai nyumba yake ilipigwa mawe. Familia ya Kabeya ilitolewa kwenye nyumba yao ya kampuni mchana kweupe, na mtu mwingine akaingia kabla jiko halijapoa. Walikwenda stesheni, tunayoiita gare, kama wengine wote, kungojea treni ya kuwapeleka Kasai. Treni hiyo haikuwa na siku wala saa. Watu walikaa pale majuma na majuma, chini ya maturubali, na magodoro yao na cherehani zao.

Wiki hiyo hiyo mkuu wa kwaya, Tata Monga, akaniita. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu na cheo, na vitu hivyo viwili vikikaa pamoja havimpi mtu nafasi ya kufikiri.

"Gitare ya Kabeya itoke mu kasete," akasema. "Batu bataitambua. Utaicheza weye."

"Nyimbo zote sita?"

"Zote."

"Na sauti ya Mama Mbuyi?"

"Ile tumepata mama mwingine. Atarudilia."

Nikasema ndiyo.

Sitaki mnionee huruma hapa, kwa hiyo nitasema ilivyokuwa. Niliogopa, ndiyo. Lakini hofu ilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ni kwamba nilikuwa nimengoja miaka saba kuwa gitaa la kwanza, na nafasi ilikuwa imefunguka. Nilifika nyumbani nikijiambia kwamba nimekubali kwa sababu ya hofu. Nilijiambia hivyo mara nyingi sana mpaka nikajua ni uongo.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda stesheni. Nilimkuta Kabeya amekaa juu ya kreti, gitaa lake la mbao likiwa limefungwa ndani ya blanketi. Mama Mbuyi alikuwa anapepea mkaa kwenye mbabula.

"Tata," nikasema, "habari ya hapa?"

"Tunangojea. Banasema treni iko njiani. Mi nimezaliwa hapa ku hospitali ya kampuni, Kasai sijaionaka hata siku moja. Lakini banasema njo kwetu."

Nilikaa chini. Nikamwambia.

"Banataka nicheze fasi yako. Mu kasete. Ku njia ya ine."

Yeye ndiye aliyekuwa ameitengeneza mashine ile kila ilipokufa. Hapakuwa na haja ya kumfafanulia.

"Na ulisema nini?"

"Nilisema ndiyo."

Mama Mbuyi aliacha kupepea. Alisema bila kuinua sauti, "Kwa hiyo siye tunapanda treni, na gitare yake nayo munaifukuza. Munatufukuza mara mbili." Akatugeuzia mgongo. Hakunitazama tena siku hiyo, wala siku zilizofuata.

Kabeya akafungua blanketi, akanipa gitaa.

"Cheza ya kwanza."

Nikapiga wimbo wa kwanza.

"Mbaya," akasema. "Kidole kikubwa chako kinakimbia. Kama utacheza vile, batu batasema Kabeya alikuwa anafundisha nini miaka yote? Rudilia."

Ndivyo tulivyoanza. Kwa asubuhi nne mfululizo nilikwenda stesheni kufundishwa namna ya kumfuta mwalimu wangu, na aliyenifundisha alikuwa yeye mwenyewe. Mpaka leo sijui kwa hakika kwa nini alikubali. Labda alitaka nyimbo zibaki, hata bila yeye. Labda alikuwa amechoka kungojea na alitaka kazi ya kufanya. Alinikosoa bila huruma, kama zamani. Alisema napiga kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Alisema akordi yangu ya tatu ina harufu.

Watu wa pale walijikusanya. Walianza kuimba kwa sauti ya chini. Siku ya pili akaja askari.

"Hapa hakuna konseri," akasema, yaani hakuna tamasha.

"Hii hapana konseri, chef," Kabeya akamjibu. "Ni repetisyo, mazoezi tu."

Askari akafikiri. "Repetisyo iko muzuri," akasema. "Lakini isikuwe konseri." Akasimama kando, na wimbo ulipofika kwenye kiitikio niliona mguu wake unapiga hesabu.

Siku ya tano treni ilikuwa imefika. Mabehewa mengine hayakuwa na paa. Watu walipanda na vyombo vyao, mmoja juu ya mwingine, na walipokuwa wanapanda hapakuwa na kelele nyingi kama mnavyoweza kufikiri. Nilisaidia kupandisha mizigo. Kabeya alikaa juu ya furushi la nguo, gitaa katikati ya magoti.

"Wimbo wa ine," akaniambia kutoka juu, "usikimbie."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwake.

Tulirekodi siku tatu baadaye. Monga mwenyewe alikaa kwenye mashine. Kabla ya kila wimbo nilisikia gitaa la Kabeya kwenye vifaa vya masikioni, likianza vile lilivyoanza siku zote, mpaka kidole cha Monga kilipobonyeza. Hapo likanyamaza katikati ya noti, na langu likaanza. Mara sita. Mtu akiniuliza kazi ngumu kuliko zote nilizofanya, siwezi kumtajia studio kubwa yoyote.

Monga alifurahi. "Safi," akasema. "Hakuna hata kosa moja."

Kasete ilipendwa. Iliuzwa njia yote ya reli, kutoka Lubudi mpaka Dilolo, na wachuuzi waliivusha mpaka Angola. Watu wa Lubumbashi waliisikia wakauliza ni nani anayepiga lile gitaa lenye subira. Wakaniita. Kazi zangu zote zilizofuata, na wale dada wa neo-soul, na nyumba hii ninayoandikia, zilitoka kwenye ile njia ya nne. Kila waliponisifu nilisema aksanti. Mwanzo sikumtaja Kabeya kwa hofu. Hofu ilipoisha sikumtaja kwa mazoea. Mazoea ndiyo mabaya zaidi, maana huwezi kumlaumu mtu yeyote.

Miaka ikapita. Makampuni mapya yakaja kuchimba, mashimo ya mgodi wa Mashamba yakaanza tena kutoa vumbi, na baadhi ya watu waliofukuzwa wakarudi kimya kimya, kufanya kazi na biashara. Alasiri moja nilikuwa barazani, nabadilisha nyuzi. Mwanamke mzee akasimama mlangoni na mfuko wa vitambaa. Nilidhani anauza.

"Yambo, Banza," akasema.

Nilimjua kwa sauti. Nilisimama, nikaangusha nyuzi zote chini. Nikamtolea Mama Mbuyi kiti, nikamletea maji. Sikujua mikono yangu niiweke wapi.

"Na Tata?" nikauliza.

"Alikufa. Ku Mwene-Ditu. Iko miaka sasa. Alikuwa anatengeneza maredio."

Akanywa maji, akaweka kikombe chini.

"Sikukuya kukugombeza," akasema. "Bajukuu bananiuliza babu yabo alikuwa anacheza namna gani. Hatuna kasete yake hata moja. Gitare yake ilipasukia mu treni. Nimetafuta kila fasi. Nikawaza, iko fasi moja tu yenye ilibakia." Akaionyesha mikono yangu kwa kidevu. "Mule."

Nilikaza nyuzi haraka kadiri nilivyoweza. Nikampigia wimbo wa nne, bila kukimbia, kila noti mahali pake. Nilikuwa nimeupiga maelfu ya mara, na sijawahi kuupiga vizuri kama siku ile. Nilipomaliza nilimwangalia.

"Ule ni weye," akasema.

Nikarudia.

"Ule ni weye tena. Umevaa koti yake."

"Mama, hivi ndivyo alivyonifundisha. Kule stesheni. Noti kwa noti."

"Najua. Lakini mbele ya kiitikio kuanza, alikuwa anakosea. Kila mara. Kidole kilikuwa kinagusa uzi wa pembeni, kisha kinachelewa. Weye ulitengeneza."

Hapo nikakumbuka. Nililisikia kosa hilo kwenye masikio yangu siku ile, kabla kidole cha Monga hakijabonyeza, na kwenye nyimbo nyingine pia. Nilidhani ni vidole vya mzee vimechoka. Nilijivunia kulisafisha.

"Lakini stesheni hakukosea hata mara moja," nikasema.

Mama Mbuyi alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu aingie.

"Ku gare nilikuwa nimegeuka," akasema. "Kanisani nilikuwa mbele yake. Pale mbele ya kiitikio njo alikuwa ananiangalia."

Nikamwita kijana wa studio iliyo jirani, mmoja wenu, aje na simu yake kurekodi. Kabla ya kupiga nilisema jina. Nilisema gitaa hili ni la Kabeya, na kwamba lile la kwenye kasete pia lilikuwa lake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyasema hayo mbele ya mtu. Kijana alinitazama kama vile nimesahau jina langu.

Kisha nikajaribu kukosea. Msidhani ni rahisi. Niligusa uzi wa pembeni, nikachelewa. Mama Mbuyi akatikisa kichwa. Nikagusa taratibu zaidi. Akatikisa kichwa. Aliniimbia mwenyewe kwa mdomo uliofumbwa, akanionyesha kwa kidole kwenye goti, akanirudisha mwanzo, tena na tena, mpaka jua likahamia upande wa pili wa baraza. Kijana alibadilisha mkono wa kushikia simu. Mimi niliyelipwa miaka thelathini kwa kutokukosea nilikuwa natoka jasho.

"Unahesabu," akaniambia. "Ye hakuwa anahesabu. Inua macho."

Nikaanza upya. Nilipokaribia kiitikio niliyaacha macho yangu yatoke kwenye gitaa, nikamtazama. Alikuwa amefumba macho, midomo yake inatembea na maneno ya wimbo bila sauti, na mikono imekunjwa juu ya mfuko wa vitambaa. Nilisahau nilikuwa wapi. Kidole kikagusa uzi usio wake, kikachelewa, kikarudi.

"Njo ile," akasema Mama Mbuyi. "Usitengeneze."